Kabla hujahama fremuwaki, hesabu maswali yanayoenda databesi

Assalaam aleykum wadogo zangu. Haya ni ya nyinyi mnaoanza kutengenezea watu websaiti hapa Lamu, gesti za Shela, mashua za kukodi, maduka na kadhalika, manake swali ninaloletewa kila siku ni lile lile, kaka saiti yangu nzito, nihame Django (fremuwaki, yaani kiunzi cha kujengea websaiti kwa lugha ya Python) niende wapi? Usihame. Mara nyingi uzito hauko kwenye fremuwaki, uko kwenye vile koodi yako inaongea na databesi, na ukihama utahama nao.

Chukua ukurasa unaoonyesha vyumba 40. Unavuta orodha ya vyumba, hilo swali moja kwa databesi. Alafu kwa templeti unaandika chumba.gesti.jina, chini yake unazungusha chumba.picha.all, sasa hapo kila chumba Django inarudi databesi kuuliza gesti ni ipi, inarudi tena kuuliza picha, 40 mara mbili ni 80, ukitia na lile la kwanza yawa 81. Ni kumtuma punda gatini mara 81 kwa mzigo ambao angeumaliza kwa safari mbili. Kwa laptopu yako huoni kitu kwa sababu databesi iko humo humo ndani na umejaza vyumba vitano tu vya kujaribia. Dawa ni select_related('gesti'), inavuta gesti ndani ya swali lile lile la vyumba, na prefetch_related('picha'), inavuta picha zote kwa swali moja, maswali yanabaki mawili basi. Ila angalia, ukishafanya prefetch alafu kule ndani ukaita chumba.picha.filter() inarudi databesi upya, hapo wengi hukwama wakasema dawa haifanyi kazi. Kwa fremuwaki nyengine, Laravel dawa ni with(), Rails ni includes, ugonjwa ni huo huo mmoja.

Na haya maswali yanauma zaidi ukiweka apu mahali na databesi kwengine, kitu ambacho watu hufanya kwa kufuata vya bure. Mwanga ndani ya faiba huenda kama kilomita 200 kwa milisekunde moja. Frankfurt mpaka Cape Town ni zaidi ya kilomita 9,000, kwa hivo kwenda na kurudi hakushuki chini ya milisekunde 90, zidisha kwa 81 uone, zapita sekunde 7 na mteja bado anatizama ukurasa mweupe. Hakuna fremuwaki ya kushinda hilo. Weka vyote viwili sehemu moja.

Kuhesabu si kazi, tia Django Debug Toolbar, itakuonyesha maswali mangapi na lipi limechukua muda. Lile zito lipeleke PostgreSQL ukiweka EXPLAIN ANALYZE mbele yake, ukiona Seq Scan (databesi inasoma jedwali zima safu kwa safu) kwenye jedwali kubwa na wewe wataka safu chache tu, hapo pengine indeksi, ile faharasa ya kutafutia haraka, inakosekana.

Sasa malipo, na hapa naomba msome pole pole kwa sababu ndo saiti nyingi hufa siku ya watu wengi. Gunicorn, ile programu inayoendesha Django kwenye seva, inashauri prosesi mbili kwa kila CPU jumlisha moja, yaani mashine ya CPU 2 ni prosesi 5. Mteja akibonyeza lipa, unatuma ombi la M-Pesa, simu yake inaitisha PIN, na koodi yako imekaa hapo hapo kwa lupu na sleep ikisubiri aweke PIN. Prosesi moja imeshikwa. Wateja watano wakilipa kwa pamoja, wa sita hata ukurasa wa mwanzo haumfungukii, na CPU ukiitizama imelala haina kazi yoyote! Ndo mtu akaenda kununua seva kubwa bure. Daraja yenyewe (API ya Safaricom ya M-Pesa) haikutaki usubiri, ombi likipokelewa unajibiwa papo hapo, matokeo yanakuja baadae kwa kolbeki, yaani Daraja yenyewe inaipigia saiti yako kukuambia. Andika oda kama "inasubiri", mrudishie mteja ukurasa wake, kolbeki ikifika ndo ubadilishe. Barua pepe na kupunguza picha pia zitoe, zipeleke foleni ya Celery, inayofanya kazi hizo pembeni mteja asisubiri.

Kache, yaani kuweka jibu tayari ili usiulize databesi tena, ni nzuri lakini iwe baada ya hayo yote. Maelezo ya gesti na picha weka Redis (hifadhi ya haraka ya kwenye memori) hata saa nzima, lakini chumba kiko wazi au hakiko usikiweke, utawapa watu wawili chumba kimoja na aibu ni ya mwenye gesti.

Na atakaewaambia Django haibebi watu wengi, Instagram ilikuwa juu ya Django hiyo hiyo, na 2012 Facebook inainunua ilikuwa na wafanyikazi 13 na watu kama milioni 30.

Kupima mzigo tumieni Locust au k6, anza na watumiaji 10 upande kidogo kidogo, na upime ukurasa wa kutafuta chumba na ule wa malipo ukiwa kwenye sandboksi (M-Pesa ya majaribio, isiyo na pesa za kweli), si ukurasa wa mwanzo peke yake. Databesi ya majaribio ijazeni vyumba na buking za uongo maelfu. Alafu fanyeni mapema, kabla Mfungo Sita haujaingia, manake wageni wa Maulidi huanza kutafuta vyumba kabla na wakati huo si wa kugusa koodi tena.