Jiko la mtoto: nianzie sufuria au kabati?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa kiume anatimiza miaka miwili mwezi ujao. Kutwa yuko miguuni mwangu jikoni, anavuta masufuria na kugonganisha mifuniko. Nimeweka kando Sh 150,000 nimnunulie jiko la kuchezea. Kariakoo nimeliona la plastiki la Sh 95,000, lina taa, linatoa sauti ya mchuzi unaochemka, na ndani ya boksi mna vitu 42. Fundi mmoja wa Keko naye anasema atanitengenezea la mbao, lenye kabati juu na chini, kwa Sh 130,000. Wifi yangu anasema mtoto wa kiume hanunuliwi jiko. Nifanyeje? – Mama wa mmoja, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimefundisha chekechea miaka 27, na kila asubuhi kona ya jiko ndiyo iliyojaa kwanza, wavulana kwa wasichana. Kwa hiyo hapo kwa wifi tusikae sana. Aende kwenye harusi yoyote ya huku Pwani aangalie nani wamesimama na miko mirefu kwenye masufuria ya pilau. Chipsi za mtaani kwenu nani anakaanga? Mishikaki nani anachoma? Mwanao anajifunza kazi ya nyumbani na kazi ya mjini kwa pamoja.

Sasa tuje kwenye jiko lenyewe. Mtoto wa miaka miwili hachezi na jiko, anacheza kukuiga wewe. Mjukuu wangu alipokuwa na umri huo nilimpa kisufuria cha alumini na mwiko uliokatika mpini. Akakoroga, akainama akapuliza chini ambako hakukuwa na moto wowote, akafunika. Baada ya muda akavuta pindo la fulana yake, akalikunja mara mbili, ndipo akashika mfuniko. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa ameniona mimi nikifunua ubwabwa kwa pindo la khanga. Kwenye jiko la plastiki lenye oveni na mashine ya kahawa angeiga nini, ikiwa nyumbani hajawahi kuona oveni ikiwaka?

Ndiyo maana nakwambia uanzie sufuria, kabati lije baadaye. Nenda kwa wauza vyombo, usiende duka la midoli. Chukua sufuria mbili ndogo kabisa zenye mifuniko, upawa mfupi, mwiko mfupi wa mti, sahani mbili za bati, vikombe viwili vya bati, birika dogo, na ungo mdogo kama utaupata. Pitisha kidole kwenye kingo za kila chombo. Palipokwaruza kidole chako patakata mdomo wake. Kifuu cha nazi kilichopigwa msasa vizuri ni bakuli zuri kuliko mengi ya dukani. Kibao cha mbuzi usimpe kamwe, hata kiwe kidogo cha mapambo, maana meno yake ni meno kweli. Kinu na mchi nao vingoje, vidole vya miaka miwili havijui kukwepa. Na vyungu vya udongo, ambavyo mimi navipenda mno, visubiri afike miaka minne hivi, kwa sababu kigae kinakata kama kioo.

Vyakula? Ndimu mbili, kitunguu kizima, ndizi mbichi, kikonyo cha mchicha. Vina uzito na harufu, na jioni unavirudisha kwenye mapishi yako. Maji umpe nusu kikombe, na ukae naye. Maharage makavu, karanga na punje za mahindi hapana.

Hapo ndipo ninapogombana na vile vitu 42. Darasani kwangu tuliwahi kuletewa seti ya vyakula vya plastiki, na ndani yake mlikuwa na maharage madogo mekundu. Tuliyapenda sana kwa rangi. Mtoto mmoja akaja kuwa na kamasi upande mmoja tu wa pua. Siku ya tatu pua ikaanza kunuka, nami nikadhani ni mafua yaliyokomaa. Mama yake alipompeleka hospitali, daktari akatoa harage la plastiki. Nilijilaumu sana, maana niliyahesabu yale maharage siku yalipofika tu, kisha sikuyahesabu tena. Lingeweza kuingia kwenye koo la hewa badala ya pua.

Kipimo ninachotumia tangu siku hiyo ni bomba la karatasi ngumu linalobaki tishu ya chooni ikiisha. Kitu chochote kinachopita humo ndani, mtoto wa chini ya miaka 3 hapewi. Kaa na boksi lote uvipitishe kimoja kimoja, pamoja na vile unavyoweza kuving'oa kwa kuvuta, kama vikonyo vya matunda na vifundo vya jiko. Kabla hujalipa, tafuta pia kwenye boksi alama ya duara jekundu lenye uso wa mtoto na tarakimu 0-3, limepigwa mstari. Ukiiona, weka chini, hata muuzaji aape kwamba wanawe wanachezea hizo hizo.

Lile la taa na sauti lina betri. Muulize muuzaji ni betri za aina gani. Zikiwa zile bapa kama sarafu, achana nalo. Betri hiyo ikimezwa na ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama kwa ndani katika muda wa saa mbili tu. Hata betri za kawaida, kifuniko chake lazima kifungwe kwa skrubu, kisiwe cha kufunguka kwa ukucha. Sumaku vilevile: kuna matunda ya kukata ambayo vipande vyake vinashikana kwa visumaku. Akimeza viwili vinavutana vikiwa tumboni na kutoboa utumbo. Na ile sauti ya mchuzi mwanangu, ya nini? Mwache aseme mwenyewe “chwaaa” anapotia kitunguu kwenye mafuta yake ya hewa. Hilo “chwaaa” ni maneno yanajengwa.

Fundi wa Keko usimwache, ila mpe kazi tofauti na aliyokuambia. Mwambie aondoe kabati la juu, aondoe na milango. Milango inabana vidole, na kabati la juu ndilo linaloangusha kitu kizima mtoto akilining'inia. Unataka meza fupi yenye rafu moja chini iliyo wazi, tundu la kukaa beseni dogo, na miduara miwili ya mafiga iliyochongwa juu ya ubao. Baada ya kupunguza hayo, kaeni bei upya. Mbao za paini zinatosha, hizi zinazotoka Sao Hill kule Mufindi. Mninga ni mzuri lakini ni ghali na mzito, ukimwangukia mtoto utamuumiza. Pembe zote zizungushwe, misumari isitokeze, msasa upigwe mpaka kiganja kiteleze. Asipake rangi. Risasi iliyomo kwenye baadhi ya rangi huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa ni salama. Mwanao wa miaka miwili ataitafuna kingo ya meza, usitegemee vinginevyo.

Urefu wasikukadirie dukani. Msimamishe mtoto pekupeku, akunje mkono, pima kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko, kisha toa sentimita tano. Watoto wengi wa umri wake wana urefu wa sentimita 85 na kidogo, kwa hiyo meza itakuja karibu na sentimita 45. Akifika miaka mitano atakuwa kwenye sentimita 110, basi fundi akuachie nafasi ya kuongeza miguu kwa skrubu. Miguu iwe imetanuka chini, na meza uifunge ukutani.

Wazo hili la samani za kimo cha mtoto na vyombo vya kweli si langu. Daktari Maria Montessori wa Italia alilifanyia kazi Roma, kwenye nyumba ya watoto aliyoifungua mwaka 1907, na huku kwetu chekechea nyingi zinafuata njia yake. Mimi nimeongeza mafiga tu.

Lakini lipo jambo moja linaloninyima usingizi kuliko maharage yote, nalo ni mahali utakapoliweka. Wengi wetu tunapikia jiko la mkaa lililo sakafuni au kibarazani, kimo kilekile cha mtoto. Sufuria ya maji ya moto ikimwagika pale inamkuta usoni na kifuani. Jiko lake liwe mbali na lako, upande wa pili wa chumba au sebuleni, mahali unapoweza kumwona. Vyombo vya kweli nimekuruhusu. Jiko la kweli usimpe, hata liwe bovu na limepoa miaka. Ukimpa la mkaa la kuchezea, umemfundisha kwamba jiko la mkaa linashikwa. Lake liwe mbao, lako liwe chuma, na yapewe majina mawili yasiyobadilika: nyumbani kwangu tulisema “jiko la mtoto” na “jiko la moto.”

Siku ya kuzaliwa kwake mpe sufuria tu, na kreti la soda lililopinduliwa na kufungiwa ubao juu. Mtazame mwezi mzima. Kama bado anapika kila siku, mpigie simu fundi.

SWALI: Mwalimu, kwenye mtumba huku Morogoro nimepata vyakula vya mbao vya kuchezea, vizuri na bei poa. Ni salama kwa binti yangu wa mwaka mmoja na nusu? – Baba Neema

JIBU: Baba Neema, mimi mwenyewe hununua mtumba. Kikwaruze kila kipande kwa ukucha. Rangi inayobanduka au kutoka unga, kitupe, usijaribu kukipaka upya. Vipitishe vyote kwenye bomba la tishu, halafu vilivyokatwa vipande uvivute kwa nguvu uone kama vile vitambaa vya kunatana vinang'oka. Vilivyobaki osha kwa maji ya sabuni bila kuviloweka, maana ubao uliolowa unapasuka, kisha vianike juani kutwa nzima. Binti yako bado anaweka kila kitu mdomoni, kwa hiyo mpe vitatu vinne tu kwa wakati mmoja, na usiku uvihesabu kabla ya kuvirudisha kwenye kapu.