Gemu inagandaganda, hela narudishiwaje?

Pole mdogo wangu, umesema uko Masasi umenunua gemu Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, kwa hela ya korosho afu kwenye laptop yako ya RAM (memori ya kufanyia kazi) GB 4 inagandaganda, unataka kujua nani alaumiwe. Kwanza wewe, maana ukurasa wa gemu pale chini wanaandika kabisa mashine iwe na nini, we umeangalia trela tu ukalipa. Ila Steam wanarudisha hela kama siku 14 hazijapita tangu ununue na hujacheza kufika masaa 2, kwahiyo acha kuifungua fungua kujaribu, hata ukikaa kwenye menyu muda unahesabiwa, omba leo leo.

Sisemi watengenezaji hawakosei, gemu ya Cyberpunk 2077 ilivyotoka Disemba 2020 ilikuwa mbovu kwenye PS4, mashine ya gemu ya Sony, mpaka Sony wakaitoa dukani kwao na kurudisha watu hela, wale wanunuzi walikuwa na haki, mashine yao ilitajwa kwamba gemu inacheza humo. Yako sio hiyo. Mimi mwenyewe hapa Mtwara mjini niliuziwa CD imechubuka, sikuijaribu, kurudi jamaa ananionyesha karatasi ukutani eti mali ikishauzwa hairudi 😂

Bando ulilodownlodia ndo imeenda hiyo.