Kabla hujanunua boksi la kusafirishia mzigo, angalia yaliyopo nyumbani

Ninauza vitabu vya mtumba na hereni kwa simu, na mizigo yangu mingi inakwenda mikoani kwa basi. Kwenye buti la basi kifurushi kinalaliwa na mabegi, magunia na vipuri vya pikipiki hadi asubuhi. Boksi la dukani lisilolingana na mzigo halisaidii sana humo. Bora la nyumbani ulilolikata kwa kipimo.

Boksi zuri ni lile lenye mawimbi ndani: la sabuni, biskuti au mafuta ya kupikia. Libane ukingoni kwa vidole. Likibonyea na kubaki hivyo, limekwisha. Lenye doa la mafuta liache, tepu haitashika. Linuse pia. Karatasi ya kitabu inavuta harufu haraka, na mteja aliyelipia riwaya hataki inukie sabuni ya kufulia. (La dagaa usiliingize hata ndani.) Maboksi membamba ya dawa ya meno na majani ya chai yanatosha kuwa kadi za kutobolea hereni.

Sasa chungulia ukingo uliokatwa. Mawimbi yote yamepita upande mmoja, na hapo ndipo nguvu ya boksi ilipo. Yakisimama wima kama nguzo, kuta zinabeba uzito wa juu, yakilala, zinabonyea. Wengi hukata popote palipo na nafasi, kisha wanalaumu basi.

Boksi likiwa kubwa, bandua pale lilipogundishwa kiwandani, litandaze, kata, kisha ligeuze ili maandishi yaingie ndani. La simu au redio ndilo la kugeuza kwanza, maana picha ile inaita mikono. Kunja kwa kukandamiza mstari kwanza: weka rula, pitisha kalamu iliyokwisha wino au mpini wa kijiko mara mbili tatu. Kisu kitakata tabaka la juu na kona itapasuka njiani. Kila mkunjo uongezee milimita 3 hivi, kwa sababu unene wa boksi lenyewe unakula nafasi.

Kwa kitabu huhitaji boksi kamili. Kifunike kwa kipande kimoja kirefu, kisha acha boksi lizidi sentimita 2 kila upande. Pembe za kitabu ndizo huumia kwanza, na nafasi hiyo ndiyo inayopokea kishindo. Vikombe vinataka trei ya mayai iliyokatwa, juu na chini. Tikisa ukimaliza; ukisikia kitu kinatembea, ongeza gazeti.

Tepu iwe pana, ile ya kahawia. Ipitishe katikati, halafu miisho yote miwili, itokee umbo la H. Gundi ya uji wa unga wa ngano inashika, ila inataka kulala usiku mzima chini ya kitu kizito, na mende wanaipenda. Masika, tanguliza mzigo ndani ya mfuko uliokuja na mkate, kwani boksi likilowa linakuwa karatasi tu.

Jina, mji na namba ya mpokeaji andika kwa maka pen moja kwa moja juu ya boksi, pande mbili. Namba hiyohiyo itie na ndani kwenye kikaratasi, pamoja na yako, ili boksi likichanika ofisi ya basi ijue pa kupiga.