Kingamwili ya keratini 5 isipotoa rangi

Dada yangu wa Malindi, umeeleza kwamba vipande vya ngozi ya binadamu ulivyovipaka kingamwili ya keratini 5 (protini ya seli za tabaka la chini la ngozi) havikutoa rangi yoyote ya hudhurungi, na unauliza kama uagize chupa nyingine. Nakusihi usubiri kwanza, kwa sababu mara nyingi tatizo huwa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia tishu, ambayo hufungamanisha protini hata pale pa kushikwa na kingamwili pakafichika. Hukutaja hatua ya kupasha moto. Viondolee vipande nta vilimogandishwa ili vikatwe, kisha uvichemshe katika bafa (kimiminika kinachodumisha pH, yaani kiwango cha asidi) ya sitreti yenye pH 6 kwa dakika 20 hivi, uviache vipoe taratibu ndani ya bafa hiyohiyo, na visikauke hata kidogo. Iwapo rangi bado ni hafifu, jaribu bafa ya Tris-EDTA yenye pH 9.

Ukifaulu, utauona mstari wa hudhurungi ukifuata mawimbi ya tabaka la chini kabisa la epidemisi, yaani ngozi ya juu, rangi ikijaa mwilini mwa seli na kuacha viini vikiwa buluu. Tabaka za juu zikikolea vivyo hivyo, shuku mkolezo wa kingamwili uliozidi, kwa kuwa huko juu keratini 10 ndiyo inayotawala. Daima weka kipande kimoja cha kulinganishia, kisichotiwa kingamwili ya kwanza, yaani ile inayoshika keratini yenyewe.

Mwisho, gawa kingamwili katika vichupa vidogo mapema kabla ya kuigandisha, maana kuganda na kuyeyuka mara kwa mara huiharibu.