Re: Udongo wa mafuriko jangwani, niuweke kundi gani?
Salama mkuu. Umesema shimo lako kando ya korongo kavu lina mistari mistari na hujui kama ni Aridisoli, yaani udongo wa jangwa ulioshajijengea tabaka zake wenyewe. Mi naanza na hiyo mistari, kwangua ukuta kwa kisu, ukiona mchanga, tope, mchanga tena kama kurasa za kitabu, na mboji inapanda na kushuka ovyo ukienda chini, hapo mafuriko bado ndo yanatawala, kwa mfumo wa Marekani wa kuainisha udongo ni Torifluventi (udongo mpya wa mafuriko penye ukame), kwa WRB, ule mfumo wa kimataifa, ni Fluvisoli (udongo wa mafuriko). Ukimwagia udongo siki kupima chokaa, ikitoa povu usishangilie, ilishanidanganya, chokaa jangwani imejaa. Tafuta vinundu vyeupe vya chokaa vilivyojikusanya tabaka lenye unene wa sm 15 au zaidi ndani ya mita 1 kutoka juu, hapo ndo ufikirie Aridisoli. Kuhusu chumvi, bila kipimo cha maabara siwezi kukuhukumia.