Mtoto kazaliwa utumbo nje? Mtieni joto, maneno baadaye

Juzi usiku dada mmoja wa Makete kanitumia meseji, wifi yake kajifungua mtoto utumbo uko nje na wazee wanasema ni mkosi, wamuache tu. Jamani nililia, maana mimi nilisemwa hivyohivyo, na huyo wangu waliyemwita mkosi mwaka huu kaanza darasa la kwanza.

Nilijifungua Tukuyu, mwezi wa saba, baridi ile mnayoijua, nina miaka 19. Utrasaundi sikupiga hata moja. Mtoto alipotoka chumba kizima kikanyamaza. Pembeni ya kitovu, upande wa kulia, kuna tundu, na utumbo wote uko nje, mwekundu, umevimba, hauna hata utando wa kuufunika. Wanaita gastroskisisi. Ukiwa umetokea kwenye kitovu chenyewe na una utando, hiyo ni omfalosele, ni tatizo lingine. Mama mkwe akaniuliza nilikula nini. Lile swali linaniuma mpaka leo. Daktari alinieleza baadaye kwamba ukuta wa tumbo haukufunga vizuri mimba ikiwa bado changa, na inatokea zaidi kwa wanaozaa wakiwa na umri mdogo, basi, hakuna cha kulogwa.

Aliyemwokoa ni nesi mmoja wa zamu. Mwenzie alitaka kuusukuma utumbo urudi ndani, yeye akakataa katakata, akamwingiza mtoto kwenye mfuko safi wa plastiki kuanzia miguuni hadi kwapani, akamlaza ubavu wa kulia, akapitisha mpira puani, akaweka dripu. Walipotuambia tusubiri asubuhi akagoma, gari likapatikana usiku uleule. Kofia mbili za sufu, kitenge, blanketi la mama, mpaka tunapita Kiwira kila dakika namshika miguu kama bado ina moto.

Mbeya hawakuurudisha wote kwa mkupuo. Waliuweka kwenye mfuko maalumu ukaning'inizwa juu yake, kila siku unashuka kidogo, ndo wakafunga. Wiki zile nakamua maziwa kwenye kikombe namwaga, nakamua namwaga, yasije yakakauka. Siku ya kwanza kupewa alipewa mililita 2 kwa mpira, nikaona kama kala sahani nzima!

Kwa hiyo wadogo zangu, wahini kliniki na ombeni utrasaundi, inaonekana mapema, mtajipanga kuzalia kwenye hospitali yenye upasuaji wa watoto, na wala si lazima upasuliwe wewe kwa sababu hiyo. Ikishatokea ni joto, plastiki safi, mwendo. Msisukume, msimnyonyeshe, msipake kitu. Joto jamani, nasema tena joto! Na nyie akina mama wakwe, mzazi bado anatoka damu, msimuulize alikula nini. Nchi zenye vifaa zaidi ya 9 katika kila 10 wanapona, huku kwetu wengi tunawazika kwa kuchelewa.

Dada wa Makete, wameniambia mmeshafika hospitali. Mwambie wifi aendelee kukamua, hata kama leo anamwaga.