Kama kila kitu kina aliyekifanya, Mungu naye alifanywa na nani?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Malindi. Kuna mzee wa Kitaliano ninayembeba mara kwa mara kutoka Casuarina. Alibatizwa, lakini kanisani aliacha kwenda kitambo. Juzi nilimwambia Mungu lazima yupo, maana kila kitu kina aliyekifanya. Akacheka. "Na Mungu alifanywa na nani?" Nikakosa la kusema. Katekista wetu anasema kuhoji hivyo ni dhambi. Ni kweli? Na huyu mzee nimjibu nini?

Jibu: Milele na milele, amina. Kuuliza si dhambi, mwanangu. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulifundisha mwaka 1870 kwamba akili ya binadamu inaweza kumjua Mungu kwa hakika kupitia viumbe, na kabla yake Paulo alishayasema hayo katika Warumi 1:20. Katekista nadhani alitaka kukuepusha na ubishi wa stendi.

Ila mzee alikuwa na haki ya kucheka. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyeandika zile njia tano za kuonyesha kwamba Mungu yupo katika karne ya 13, hakusema popote kwamba kila kitu kina aliyekifanya. Alisema vitu vinavyobadilika, vitu vinavyoweza kuwepo na vinavyoweza kutokuwepo, ndivyo vinavyohitaji sababu nje yake. Mzee atakwambia hapo umemchomoa Mungu kwa ujanja. Basi msogeze hatua moja zaidi.

Wengi hudhani Thoma anarudi nyuma: wewe, baba, babu, mpaka mtu wa kwanza. Sivyo. Yeye aliona akili peke yake haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu ulikuwa na mwanzo. Hilo, alisema, tunalishika kwa imani. Bonaventura, mtakatifu wa zama zake, hakukubaliana naye. Babu yako alishazikwa na wewe bado unaendesha tuktuk, kwa hiyo mlolongo wa namna hiyo haumsumbui Thoma. Anachouliza ni cha sasa hivi: ni nini kinachovifanya vitu hivi viwepo dakika hii?

Umeona mitaani mtu anavyovuta umeme kwa jirani, na jirani naye kavuta kwa mwingine. (Si ruhusa, lakini tunajua yanafanyika.) Panga nyumba kumi au elfu moja, kama hakuna hata moja iliyoungwa kwenye laini yenyewe, hakuna taa itakayowaka. Kuongeza nyumba hakusaidii kitu. Mfano unachechemea, kwa kuwa laini nayo ina mtambo wake, lakini shabaha unaiona: viumbe vyote vina kuwepo kwa kupewa, na wote wakiwa ni wa kupewa tu, hakuna wa kutoa. Lazima awepo aliyepo kwa nafsi yake. Huyo ukimuuliza kapewa na nani, umemrudisha kwenye foleni ya wanaopokea, na hapo hatumzungumzii tena yeye. Ndiyo maana kabla ya njia zake Thoma aliweka jibu alilopewa Musa, "MIMI NIKO AMBAYE NIKO" (Kutoka 3:14).

Wenzako Waislamu pale stendi hawatayaona mageni haya. Thoma alimsoma Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu aliyefariki mwaka 1037, ambaye alikwisha kutenganisha kilichopo kwa lazima na kinachoweza kutokuwepo.

Ukikutana na hoja ya Mtakatifu Anselm, aliyeishi kabla ya Thoma, kwamba Mungu ni yule ambaye hatuwezi kufikiri mkuu kumzidi, na kwa hiyo lazima awepo, iache kwanza. Mmonaki Gaunilo aliipinga hoja hiyo wakati Anselm akiwa bado hai, na Thoma naye hakuikubali. Mimi pia hainishiki.

Usitarajie hoja hizi zikufikishe kwenye Utatu au Msalaba. Hayo ni ya ufunuo.

Jambo moja kuhusu mzee. Thoma alipouliza kama Mungu yupo, alianza na mapingamizi mawili tu, na la kwanza ni uovu: Mungu akiwa mwema bila mpaka, mbona uovu upo? Alijibu kwa maneno ya Agostino, kwamba Mungu asingeuruhusu kama asingeweza kutoa wema hata humo. Naliamini jibu hilo, lakini ni fupi mno kwa mtu aliyezika mwanawe. Waliohama Kanisa ninaowajua, ni wachache walioondolewa na hoja za sababu na chanzo. Kabla hujampelekea habari za umeme, muulize yeye aliondoka kwa nini.